Usalama wa anayefanya kazi peke yake chuoni

Maabara, karakana na mashamba ya vyuo vikuu ni mahali pa kazi sawa na kiwanda chochote. Tofauti ni kwamba kiwandani mashine huzimwa jioni na wafanyakazi wakarejea makwao, ilhali chuoni kazi nyingi huanza hasa wakati huo.

Mwanafunzi wa uzamili anayesubiri zamu ya kutumia kifaa kimoja kinachogombewa na wengi, fundi anayekarabati mitambo ya umeme wikendi, na mhadhiri anayemalizia jaribio wakati wa likizo, wote hujikuta peke yao mbele ya hatari ambayo mchana ingeonekana na macho mengi.

Kufanya kazi peke yako si lazima jengo liwe tupu. Ni kuwa mahali ambapo hakuna mtu awezaye kukuona au kukusikia unapopatwa na dhara, na kukufikia upesi. Aliye katika chumba cha chini cha jengo lenye watu mia moja huenda akawa mpweke kuliko aliye shambani na mwenzake mmoja.

VISA VIWILI VYA MAREKANI

Usiku wa kuamkia Aprili 13, 2011, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika Chuo Kikuu cha Yale, aliyekuwa na umri wa miaka 22, alikuwa akitumia mashine ya kukereza vyuma katika karakana iliyo kwenye jengo la kemia. Nywele zake zilinaswa na mashine iliyokuwa ikizunguka, akafa kwa kukosa hewa. Waliomkuta ni wanafunzi wenzake waliokuwa katika jengo hilo.

Mamlaka ya usalama kazini ya nchi hiyo ilibaini kasoro katika kinga za mashine hiyo. Hata hivyo, ilieleza kuwa haikuwa na uwezo wa kisheria wa kukiadhibu chuo kwa kuwa marehemu alikuwa mwanafunzi, wala si mwajiriwa. Chuo chenyewe kilipunguza saa za wanafunzi wa shahada ya kwanza kutumia karakana na kuagiza wawe na msimamizi.

Kisa cha pili kilitokea katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, mnamo Desemba 29, 2008, wakati wa mapumziko ya mwisho wa mwaka. Msaidizi wa utafiti mwenye umri wa miaka 23 alikuwa akivuta kwa bomba la sindano kimiminika kinachowaka chenyewe kinapokutana na hewa. Bomba hilo lilichomoka, kimiminika kikamwagika na nguo zake zikashika moto. Hakuwa amevaa koti la maabara. Alifariki Januari 16, 2009.

Katika kisa hiki cha pili, walikuwapo watu karibu, lakini bafu la dharura halikutumiwa. Kwa hivyo, kuwa na mwenzako ni nusu tu ya kinga. Nusu ya pili ni mwenzako huyo kujua la kufanya.

DAKIKA NDIZO HUAMUA

Upweke wenyewe hausababishi ajali. Kinachofanyika ni kwamba jeraha ambalo lingetibika hugeuka kuwa kifo kwa sababu ya kuchelewa.

Ubongo unaokosa oksijeni huanza kudhurika baada ya dakika nne hivi. Aliyemwagikiwa na asidi machoni anahitaji kuoshwa papo hapo kwa maji mengi, kwa muda usiopungua dakika 15. Lakini mtu asiyeona hawezi kuutafuta mfereji chumbani. Aliyeshikwa na umeme mara nyingi hawezi kuachilia waya kwa hiari yake, sembuse kuizima swichi iliyo ukutani.

Kwa sababu hiyo, swali la kujiuliza kabla ya kuanza si kama ajali inaweza kutokea. Swali ni hili: ikitokea, je, nitaweza kujisaidia mwenyewe?

KAZI ZA MADARAJA MATATU

Njia rahisi ya kupanga kazi ni kuzigawa katika madaraja matatu.

Daraja la kwanza ni kazi ambazo kamwe hazifanywi na mtu mmoja. Hapa zimo mashine zinazozunguka au kukata, nyaya na mitambo yenye umeme usiozimwa, kemikali zinazowaka zenyewe au kulipuka, sumu kali kama sianidi na asidi ya haidrofloriki, na kuingia katika matangi, mashimo ya maji taka, maghala ya nafaka na mitambo ya biogesi.

Asidi ya haidrofloriki inastahili kutajwa kipekee kwa kuwa humhadaa mtu. Ikiwa nyepesi, huenda maumivu yasisikike kwa saa kadhaa, huku ikiendelea kupenya hadi kwenye mifupa na kupunguza kalsiamu mwilini. Maabara isiyo na marhamu ya kalsiamu glukoneti haifai kuifungua chupa yake.

Daraja la pili ni kazi zinazoweza kufanywa na mtu mmoja kwa idhini ya maandishi na mpango wa kumwangalia. Mifano ni kupasha moto viyeyushi kwa kiasi kidogo, kutumia asidi za kawaida zilizopunguzwa makali, na kukusanya sampuli porini au kando ya mto.

Daraja la tatu ni kazi za kawaida kama kusoma vipimo, kuandika na kutumia kompyuta. Hizi hazihitaji idhini, ila ni busara mtu ajue uliko.

Mwenye kuamua daraja la kazi ni msimamizi, wala si mwanafunzi aliyebanwa na tarehe ya kuwasilisha tasnifu. Anayehofia kuchelewa kuhitimu si hakimu mwema wa hatari inayomkabili.

HATARI ISIYOONEKANA

Nitrojeni ya kimiminika hutumiwa katika vyuo vingi kuhifadhi sampuli na mbegu za mifugo. Watu wengi huogopa baridi yake na kusahau hewa. Lita moja ikigeuka kuwa gesi huwa karibu lita 700, na gesi hiyo husukuma kando oksijeni chumbani. Hewa ya kawaida ina oksijeni ya asilimia 21. Ikishuka chini ya asilimia 10, mtu huweza kuzirai ghafla pasipo kuhisi dalili yoyote, kwa kuwa nitrojeni haina harufu wala rangi.

Kwa hivyo chombo cha nitrojeni hakifunguliwi katika chumba kisicho na madirisha, wala mtu hapandi nacho katika lifti.

Hali kadhalika, jenereta haiwashwi ndani ya jengo. Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi nyingine isiyo na harufu ambayo huua.

Umeme unapokatika, kabati la kutolea mvuke wa kemikali huacha kufanya kazi na mvuke huanza kurudi chumbani. Anayefanya jaribio anapaswa kuzima moto, kuziba vyombo na kutoka. Mashine zote zizimwe kwenye swichi zake, kwani umeme ukirudi huenda zikaanza kuzunguka zenyewe wakati mkono uko ndani.

UTARATIBU WA KILA SIKU

Anayebaki nyuma aandike katika daftari la mlangoni jina lake, chumba, kazi anayofanya, kemikali anazotumia na saa atakayotoka. Nakala iwe kwa mlinzi wa zamu. Mara nyingi mlinzi ndiye mtu wa kwanza kufika, na asipojua kilichomo ndani anaweza kuwa majeruhi wa pili.

Wakubaliane pia saa za kupigiana simu, tuseme kila baada ya nusu saa. La muhimu zaidi ni kukubaliana mapema hatua itakayochukuliwa simu isipopokewa. Ahadi ya "nitakupigia" isiyo na hatua inayofuata haimwokoi mtu.

Nywele ndefu zifungwe, tai, leso na mikono mipana ya nguo viondolewe, na viatu viwe vya kufunika mguu. Glavu hazivaliwi kwenye mashine zinazozunguka, kwani hunaswa na kuuvuta mkono. Mlango wa kutokea usifungwe kwa kufuli ilhali kuna mtu ndani.

SHERIA YASEMAJE

Nchini Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inahusu kila mahali ambapo mtu anafanya kazi, iwe kwa muda au kwa kudumu. Aidha, inakusudia kuwalinda watu wasio wafanyakazi dhidi ya hatari zitokanazo na shughuli za walio kazini. Mwanafunzi aliye maabara hivyo basi hayuko nje ya kivuli cha sheria.

Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi panapaswa kuwa na kamati ya usalama na afya. Mfanyakazi anayeona hatari kubwa iliyo karibu hutakiwa kumwarifu msimamizi wake, na hapaswi kulazimishwa kurejea kabla hatari hiyo haijarekebishwa. Ajali ya kifo huripotiwa kwa afisa wa usalama kazini katika muda wa saa 24.

UKIMKUTA MWENZAKO AMEANGUKA

Usimkimbilie. Simama mlangoni, utazame na kunusa. Zima umeme kabla ya kumgusa. Kama yumo ndani ya shimo, tangi au chumba chenye gesi, usiingie bila kifaa cha kupumulia. Waokoaji wengi wamefia juu ya wale waliotaka kuwaokoa.

Piga simu 999 au 112, kisha mlinzi wa chuo, utaje jengo, ghorofa na aina ya kemikali. Mtume mtu langoni awaelekeze wanaokuja.

Jaribio lililoahirishwa hadi asubuhi hugharimu usiku mmoja tu. Iwapo hakuna mwenzako wa kubaki naye, na kazi ni ya daraja la kwanza, jibu ni kufunga chupa, kuzima mashine na kwenda kulala.