Pampu ya maji inakula umeme kiasi gani? Namna ya kuipima wenyewe

Katika nyumba za Mji Mkongwe zenye familia tatu nne kuna ugomvi usiokwisha. Pampu imeungwa kwenye mita ya mtu wa chini, maji yanapanda kwenye tangi la juu kwa matumizi ya wote, na mwisho wa mwezi kila mmoja ana hesabu yake. Wa chini anasema pampu imemaliza umeme, wa juu wanasema ni friji lake. Dawa ni kupima tu, na wala si kazi ngumu.

Zamani za Sayyid Barghash (1870 hadi 1888) maji ya chemchemi yalifika mjini kwa mfereji, kwa mteremko tu. Leo maji ya ZAWA kwa sehemu kubwa yanavutwa visimani kwa umeme, ndio maana Unguja ilipokaa gizani karibu mwezi mzima mwaka 2008, na tena kama miezi mitatu kuanzia Disemba 2009, maji nayo yalikuwa shida. Na yakifika mtaani, nyumba ya ghorofa inayapandisha tena kwa pampu yake.

KWA NINI NI RAHISI
Pampu nyingi za majumbani zina mwendo mmoja: ama inazunguka, ama imezima. Ikiwa inajaza tangi lile lile kwa bomba lile lile, umeme inaovuta haubadiliki sana. Kwa hiyo unapima nguvu yake mara moja, halafu unahesabu masaa. Kilowati mara masaa ndio yuniti.

HATUA YA 1: NGUVU
Usitegemee kibati cha pampu. Mara nyingi 0.75 kW iliyoandikwa pale ni nguvu inayotoka kwenye mota, si umeme unaoingia, na unaoingia ni mwingi zaidi. Wala usizidishe ampea kwa volti ukasema umepata wati. Kwenye mota hesabu hiyo inazidisha.

Tumia mita yako. Zima kila kitu, friji na feni pia, uache pampu peke yake. Tazama kile kitaa kinachowaka na kuzima. Pembeni yake pameandikwa, mfano, 1000 imp/kWh, yaani kikiwaka mara 1000 ni yuniti moja. Pima sekunde za miwako 20. Zidisha 20 kwa 3600, gawa kwa sekunde, gawa tena kwa namba ya mita. Ikiwa ni sekunde 72 na mita ya 1000, jibu ni kilowati 1.

HATUA YA 2: MASAA
Andika saa ya kuwasha na kuzima kwa siku 7, ikiwemo siku ya kufua na siku ya wageni. Kama pampu inajiwasha kwa boya, mwambie fundi umeme aifungie kihesabu masaa. Usifungue mita wala swichi mwenyewe.

Pampu ya kilowati 1 ikienda masaa mawili na nusu kwa siku, kwa siku 30 ni yuniti 75. Gawa fedha uliyolipa kwa yuniti ulizopata, utajua bei ya yuniti moja. Hapo mnagawana kwa haki, hakuna tena "nadhani".

HATUA YA 3: JE, PAMPU NI NZIMA?
Pima dakika za kujaza lita 1000. Pampu yetu ikichukua dakika 30, imekula nusu yuniti. Kuyanyanyua maji hayo mita 12, kazi yenyewe hasa ni yuniti 0.033 tu. Pampu ndogo kula mara nne au tano ya hapo si ajabu. Mara kumi na tano, kama hii, kuna kasoro: bomba jembamba, koki iliyofungwa nusu, pampu inayovuta hewa, panga lililolika, au chokaa ndani ya bomba, maana maji ya visima vyetu yanapita kwenye mawe ya matumbawe. Kabla ya kununua pampu mpya, kagua hayo kwanza.

PALE NJIA HII INAPOKATAA
Pampu inayosukuma moja kwa moja kwenye mabomba bila tangi la juu, mzigo wake unabadilika. Ipime bomba moja likiwa wazi, kisha yote, uone tofauti. Na zile zinazobadili mwendo zenyewe, kipimo cha mara moja hakitoshi kabisa; hizo zifungiwe mita yake.

Rudieni kipimo kila baada ya miezi sita. Yuniti kwa lita 1000 zikipanda, pampu inawaambia kitu kabla haijafa. Mliopima, tuleteeni namba zenu hapo chini: kilowati, dakika na urefu wa nyumba.