Kusomea usanifu majengo: joho si mhuri

Mamboleo iko nje kidogo ya Kisumu, kwenye barabara ya Kakamega, pale panapochepuka njia ya Miwani na Chemelil. Hapo ndipo ulipo uwanja wa Jomo Kenyatta uliofanyiwa sherehe za Madaraka mwaka 2021. Mpwa wangu anayesomea usanifu majengo amepanga chumba huko, yuko katika mafunzo ya kazini kwenye ofisi moja mjini. Juzi alinipigia: "Shikamoo mjomba. Nikimaliza chuo, nitaitwa nani hasa?"

Si swali dogo. Dadangu amemsomesha kwa mahamri na viazi karai, naye aamini kuwa siku ya joho ndiyo siku ya kufika.

Sheria yasema vingine. Sura ya 525, iliyoanza kutumika 1934 enzi za mkoloni, yamkataza mtu kufanya kazi kwa jina la msanifu majengo kabla ya kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wasanifu Majengo na Wakadiriaji Gharama. Chuo Kikuu cha Nairobi masomo ni miaka sita: minne ya shahada ya kwanza, miwili ya pili. Baadaye kijana afanye kazi chini ya aliyesajiliwa, aandike alichokifanya, kisha akabili mitihani ya Bodi. Muda huo wote yeye ni mhitimu tu, na mshahara wake ni wa mhitimu. Wazazi wengi hupiga hesabu ya karo wakaisahau miaka hii.

Sisi wa diploma njia yetu ni nyingine. Pwani twaijua kupitia MIOME, chuo cha ufundi cha Waislamu kilichokuja kuwa Mombasa Polytechnic 1972 na sasa ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Mwenye diploma huchora, husimamia saiti, hupima, na kusema kweli nyumba nyingi za mitaani zimetoka mkononi mwake. Lakini mchoro unaopelekwa kaunti kuidhinishwa wataka mhuri wa aliyesajiliwa.

Hapo ndipo penye mtego. Kuna wanaochora wenyewe kisha wakamtafuta mwenye mhuri agonge kwa ada, bila hata kuiona ploti. Kijana aliyekaa bila kazi huona ni riziki ya haraka. Jengo la ghorofa lilipoporomoka Huruma, Nairobi, Aprili 2016, walikufa takriban watu 50; lilikuwa halina idhini ya kukaliwa na lilikuwa ukingoni mwa mto. Mhuri maana yake ni mtu wa kuulizwa. Ukiukodisha, wa kuulizwa hayupo, na wapangaji wako ndani.

Kwa hivyo nilimwambia mpwa wangu: ofisi ya kwanza usiichague kwa mshahara. Uliza nani aliyesajiliwa humo, na je, atakupeleka saiti au atakufungia mbele ya kompyuta uchore vyoo miaka mitatu? Ofisi ndogo ya Kisumu yenye kazi mbili zinazojengwa yaweza kukufunza zaidi ya jina kubwa la Nairobi. Kaunti nazo huajiri, na huko utajifunza kwa nini michoro hukataliwa. Wakandarasi hulipa mapema, ila hakikisha kazi yako itahesabiwa na Bodi.

Kuna mlango mwingine ambao vijana wetu wa Pwani huupita bila kubisha: uhifadhi. Mji Mkongwe wa Lamu uliingia katika Urithi wa Dunia 2001, Fort Jesus ikafuata 2011. Kuta zile za matumbawe na chokaa, na dari za boriti za mikoko, hazitengenezwi kwa simenti. Simenti huzuia unyevu usitoke, ukuta ukaoza ndani kwa ndani. Anayejua hayo na pia kusoma ramani ni wachache, na mafundi wazee wanaoweza kumfunza wanazidi kupungua.