Peni ya kwenda nayo mwaloni, na habari za wino wa Livingstone

Najua nimepotea, mitihani ilitubana kwelikweli. Leo nimepata nafasi, na nina stori ya historia ambayo imenikaa kichwani tangu nianze kutafuta kalamu ya wino. Namaanisha ile ya nibu, ya kujaza kutoka kwenye chupa. Washkaji hosteli wananicheka eti nataka kuwa karani wa mkoloni.

Sababu ninayo. Likizo nataka kukaa na wazee pale mwaloni Kirumba, waniambie habari za uvuvi wa zamani, mi niandike. Mwaloni si maktaba jamani. Kuna maji, magamba ya dagaa, vumbi, jua la saa saba, na mvua ya Mwanza haipigi hodi. Sisi wa Mirongo tunajua mto wetu ukijaa unafanya nini, sembuse daftari. Basi swali likawa: kalamu gani itastahimili? Kadiri nilivyosoma nikaona swali lenyewe limekaa vibaya. Watu wengi tunachagua kalamu kwa bodi lake, wakati kinachobaki kwenye karatasi ni wino.

Mfano mzuri kuliko yote uko ng'ambo ya Tanganyika, Nyangwe, kwenye mto Lualaba, mashariki ya Kongo. David Livingstone alifika pale mwaka 1871 akiwa amefilisika. Bidhaa zimekwisha, daftari zimekwisha, wino umekwisha. Fikiria mtu ambaye kazi yake yote ni kuandika, halafu hana cha kuandikia! Alichofanya ni kuchukua magazeti ya zamani aliyotumiwa, mojawapo ni The Standard la London la tarehe 24 Novemba 1869, akayageuza upande na kuandika juu ya maandishi ya chapa, mistari yake ikikatiza ile ya gazeti.

Na wino? Akatengeneza mwenyewe kwa mbegu za kutia nguo rangi, akaziita "zingifure". Hapo ndipo niliposhtuka, maana neno hilo ni letu. Kamusi za zamani za Kiswahili zina mzingefuri, ule mti wenye mbegu nyekundu. Ukienda Unguja kwenye mashamba ya viungo, wale wanaotembeza wageni huwapaka wageni mbegu hizo mdomoni kama lipstiki. Rangi ni nzuri sana, inawaka. Tatizo lake ni kwamba haipendi mwanga, inapauka.

Sasa ona alichokiandika kwa wino huo. Tarehe 15 Julai 1871, siku ya gulio pale Nyangwe, watu wa wafanyabiashara wa pembe na watumwa waliokuwa wametoka Zanzibar waliwafyatulia risasi watu waliojaa sokoni, wengi wao wanawake. Wengine walizama mtoni wakikimbia. Makadirio ya wale Waarabu wenyewe, aliyoyanukuu Livingstone, yalikuwa kati ya 330 na 400 waliokufa. Habari hizo zilipofika Uingereza mwaka 1872 zilichochea sana kelele dhidi ya biashara ya watumwa, na tarehe 5 Juni 1873 Sultan Barghash akatia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Zanzibar.

Lakini dunia haikusoma yale magazeti. Livingstone alikuja kunakili habari ile kwenye daftari kubwa la heshima, Stanley akalipeleka Uingereza, na baada ya Livingstone kufariki Horace Waller akahariri kitabu kilichotoka mwaka 1874. Yale magazeti yenyewe yakabaki yanapauka. Karatasi ikawa kahawia, wino ukawa kama haupo, na maandishi ya chapa (wino wa chapa una masizi, ndio maana) yakabaki meusi kana kwamba yameandikwa jana. Yaani tangazo la biashara la London limedumu kuliko ushahidi wa mauaji!

Ilibidi wasubiri hadi miaka ya 2010 na 2011. Timu iliyoongozwa na Adrian Wisnicki ilipiga picha kurasa zile kwa mwanga wa rangi mbalimbali, mingine hata jicho letu haliioni, kisha kompyuta ikatenganisha wino wa mbegu na wino wa chapa. Matokeo yalitoka Novemba 2011. Na kumbe maandishi ya kwanza yanatofautiana na nakala. Kwa mujibu wa watafiti hao, kwenye magazeti kuna maneno makali kuhusu wapagazi wa Livingstone mwenyewe, wale waliotumwa kwake kutoka Zanzibar, yanayozua swali kama na wao walikuwa na mkono katika fujo za siku zile. Kwenye daftari la heshima mambo hayo yamelainishwa. Miaka 140 tulikuwa na toleo moja tu kwa sababu jingine lilikuwa halisomeki.

Mimi simlaumu mzee kwa wino wake, alitumia kilichokuwepo. Ila pwani walikuwa na jibu zamani: kalamu ya mwanzi na kidau, na wino mweusi wa masizi yaliyochanganywa na gundi ya mti. Masizi ni kaboni, jua haliyafanyi kitu. Zipo barua za Kiswahili kutoka Kilwa zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu kuanzia mwaka 1711, zimetunzwa Goa kule India, na zinasomeka.

Kalamu ya wino kama tunayoijua ilichelewa. Livingstone alifariki mwaka 1873, Lewis Waterman akapata hataza yake Marekani mwaka 1884. Kabla yake zilikuwepo lakini zilivuja ovyo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Parker wakauza kalamu ya wanajeshi yenye vidonge vya wino: unatia kidonge, unaongeza maji, unaandika. Kwa mazingira magumu sijaona wazo zuri kuliko hilo, na sijui kwa nini liliachwa.

Kwa hiyo nikichagua naangalia hivi. Mfuniko uwe wa kuzungusha, usiwe wa kubana, maana wa kubana huchomoka mfukoni. Nibu iwe ya chuma cha pua, dhahabu ni laini na ni ya watu wa ofisini. Isitegemee katriji, iwe na pistoni au pampu ndogo ya kunyonya wino chupani. Zile za kujaza kwa kitone moja kwa moja kwenye bodi hubeba wino mwingi, lakini zikipungua, joto la mkono linapanua hewa ya ndani na wino unatapika kwenye daftari. Ukiwa nayo, ijaze kabla haijafika nusu.

Halafu wino, ndipo penyewe. Wino mwingi wa chupa wa rangi ya bluu ni rangi tu iliyoyeyuka majini, tone moja la ziwa na mahojiano yote yamekwenda. Wenye kaboni unahimili maji na jua, ila ukiuacha ukauke ndani ya kalamu unaziba, hivyo lazima uandike kila siku na uoshe mara kwa mara. Bik nayo msiidharau, wino wake ni wa mafuta na maji hayauwezi kirahisi, ingawa baadhi hupauka juani.

Kabla ya kununua chupa kubwa, omba wino kidogo. Andika mstari mmoja mara tatu, kata vipande. Kimoja kiloweke usiku mzima, kimoja kibandike dirishani upande wa jua la mchana kwa mwezi mzima, cha tatu kifungie ndani ya kitabu. Ukifika mwisho wa mwezi viweke pamoja uvisome.