Safari ya Murang'a: Kuta za Elimo Njau na Mashahidi Wetu

Picha za wachoraji wakubwa husafiri kuliko sisi. Mwaka 2021, katika jumba la Royal Academy mjini London, Michael Armitage, mchoraji aliyezaliwa Nairobi, alionyesha kazi zake, na pembeni yake akaweka kazi za wachoraji wa Afrika Mashariki waliomtangulia. Mmoja wao alikuwa Elimo Njau, mwana wa Marangu. Wenye nauli na viza walikwenda wakaziona. Lakini kazi ya Njau tunayoipenda zaidi sisi watu wa Kanisa haikuwepo London, wala haiwezi kupelekwa huko, kwa sababu imechorwa ukutani. Anayetaka kuiona hana budi kuifuata Murang'a, nchini Kenya, ndani ya Kanisa Kuu la Kianglikana la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote.

Basi sisi tuliifuata. Tulikuwa wachungaji watatu na wazee wa kanisa wawili. Kutoka upande wa Kitulo mtu huteremka hadi Njombe, kisha Makambako, pale reli ya TAZARA inapokutana na barabara kuu, na hapo ndipo safari huanza kweli: Iringa, Dodoma, Babati, Arusha, Namanga, Nairobi. Mzee mmoja wetu, mkulima wa viazi asiyependa kupoteza muda, alituuliza tukiwa bado hatujafika Iringa, "Baba Mchungaji, hiyo picha haipatikani kwenye simu?" Inapatikana. Ila kwenye simu unaiangalia wewe, na pale kanisani unakuta imewaangalia watu wengi kabla yako, Jumapili baada ya Jumapili, kwa zaidi ya miaka sitini.

Njau alizaliwa Marangu mwaka 1932, katika nchi ya Kilimanjaro ambako wamisionari wa Leipzig walikuwa wamelihubiri Neno tangu 1893. Alisoma sanaa Makerere, kwa Mwingereza Margaret Trowell, mwalimu aliyewahimiza wanafunzi wake wachore vijiji vyao na watu wao badala ya kuiga Ulaya. Kabla yake alikuwa amepita hapo Mchaga mwingine, Sam Ntiro wa Machame, ambaye baadaye aliiwakilisha Tanganyika huru kama balozi wake wa kwanza London. Mwaka 1960 jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York lilinunua picha ya Ntiro inayoonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku. (Wazee wetu wa kanisa walicheka sana kusikia kwamba mbege ilifika New York kabla yao.) Watu hawa wawili, wote wa mlima mmoja, ndio walioonyesha mapema kwamba Mtanganyika anaweza kushika brashi na dunia ikasimama kutazama.

Mwaka 1955 una uzito wake katika habari hii. Mwaka huo Walutheri wa Afrika walikutana Marangu, kijijini kwao Njau, katika mkutano wao mkuu wa kwanza wa bara zima. Na mwaka huohuo, Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher, aliweka jiwe la msingi la kanisa la Fort Hall, mji tunaouita leo Murang'a. Kanisa hilo lilijengwa kuwa ukumbusho wa Wakristo Wakikuyu waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau.

Hapa inatupasa kwenda polepole. Serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari Oktoba 1952. Katika nchi ya Wakikuyu walikuwapo Wakristo wengi wa Uamsho waliokataa kula kiapo cha Mau Mau, maana walisema wamekwisha kunywa damu ya Kristo na hawawezi kuichanganya na nyingine. Wengi wao walikataa pia kupokea bunduki za serikali. Hawakuwa na ngao upande wowote, na baadhi yao waliuawa kikatili. Lakini upande wa pili nao una machozi yake: Waafrika zaidi ya elfu moja walinyongwa na serikali, na makumi ya maelfu walifungiwa kambini. Katika nyumba moja ungeweza kumkuta shahidi wa Kanisa na mpigania ardhi, wamezaliwa na mama mmoja.

Kijana wa Marangu, hajafikisha miaka thelathini, mgeni asiye Mkikuyu, ndiye aliyepewa kuta za kanisa hilo. Wakoloni wangefurahi kupata ukumbusho unaowashitaki Mau Mau peke yao. Tunaweza kuwaza jinsi ambavyo mtu mwingine angechora: panga, nyumba zinazoungua, watakatifu wakianguka. Njau hakuchora mauaji hayo. Alichora matukio matano ya maisha ya Bwana: kuzaliwa, kubatizwa, Karamu ya Mwisho, Gethsemane na kusulibiwa. Watu wote ni Waafrika, Kristo akiwa mmoja wao, na nchi wanayokaa ni nchi ya matuta na mabonde ileile unayoiona ukitoka mlangoni.

Kwa maoni yetu hapo ndipo ulipo ukuu wa kazi hii. Mama ambaye mwanawe aliuawa kwa kukataa kiapo anaweza kupiga magoti mbele ya Msulibiwa yule. Na mama ambaye mwanawe alinyongwa na serikali anaweza kupiga magoti pembeni yake, bila ukuta kumwambia kwamba mwanawe ni Yuda.

Tulikaa sana mbele ya Gethsemane. Huko kwetu, uwanda wa Kitulo, uliofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, watu huuita Bustani ya Mungu kwa ajili ya maua yake yanayochanua wakati wa mvua. Mmoja wetu alisema kwa sauti ya chini kwamba kama Njau angekuwa mtoto wa Makete, Bwana angeomba usiku ule kwenye baridi ya Kitulo, na wanafunzi wangelala wamejikunyata ndani ya mablanketi. Hakuna aliyecheka. Tangu utotoni tumemwona Yesu wa kalenda, mwenye nywele za dhahabu, na hatujawahi kudhani kwamba anaweza kusikia baridi yetu.

Wapo washarika watakaosema kwamba picha kanisani ni jambo la Wakatoliki. Historia yetu wenyewe haisemi hivyo. Mapema mwaka 1522, Luther akiwa mafichoni Wartburg, Karlstadt aliwafundisha watu wa Wittenberg kwamba sanamu na picha ziondolewe makanisani, na fujo ikaanza. Luther alirudi mwezi Machi akahubiri siku nane mfululizo kuituliza. Alifundisha kwamba picha haiabudiwi, lakini haina haja ya kuvunjwa kwa nguvu. Kinachotakiwa ni Neno liing'oe sanamu moyoni kwanza. Mwaka 1547, mwaka mmoja baada ya kifo chake, kanisa la mji huohuo liliweka madhabahuni picha za Lucas Cranach. Katika picha ya chini Luther yuko mimbarani, ananyoosha kidole, na kati yake na washarika yuko Kristo msalabani. Nyuso za washarika wale ni za watu wa Wittenberg, na mavazi yao ni ya Wittenberg. Cranach naye alimleta Bwana nyumbani kwao, kama Njau.

Tukiwa njiani kurudi, mzungumzo uligeuka kuwa mzito. Jina la Mtakatifu Yakobo lilitukumbusha Yakobi yetu, jirani na Njombe. Wamisionari wa Berlin walikuwa na kituo pale, na Septemba 1905, katika Vita vya Majimaji, kilishambuliwa. Wakristo wetu wa kwanza walijikuta ndani ya boma pamoja na Wazungu, ndugu zao wakiwa nje na mikuki. Kisha Wajerumani walichoma vijiji na mashamba, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Ukoo mmoja una mababu wa ndani ya boma na mababu wa nje.

Makanisani kwetu habari za wale wa ndani zimesimuliwa mara nyingi. Mzee wa viazi aliuliza, tulipokaribia Makambako, kama siku moja tutapata mtu wa kuchora ukuta wetu, wale wa nje watasimama wapi. Mchungaji mmoja alisema wasiwekwe, kwa kuwa walishambulia nyumba ya Mungu. Mwingine alisema babu wa baba yake alikuwa mmoja wao, na kwamba mjukuu wake, yaani yeye, ndiye anayeshika kikombe cha Meza ya Bwana leo. Tuliachana kituo cha mabasi bila kupatana. Jambo hilo limewekwa katika ajenda ya kikao kijacho cha wazee wa kanisa, pamoja na bei ya chokaa.