Nilisugua Stesheni ya Guka

Wasee, leo sina story ya siasa wala ya msanii. Niko na kesi ya bati.

Kabla ya uhuru, Guka alikuwa kijana wa bustani kwa mzungu hapa Nairobi. Ile familia ikirudi Uingereza ilimwachia stesheni ya treni ya kuchezea, ya bati, ndefu karibu kama mkono wangu. Ukutani ilikuwa imeandikwa Windermere. Guka hajawahi kukalia dawati la shule. Herufi zake za kwanza alizisomea hapo.

Nilipoacha chuo nikaipata kwa stoo, vumbi na kutu. Nikaona content. Nikachukua waya wa kusugulia sufuria na sabuni ya unga. Dakika kumi tu, kutu ikatoka. Jina pia likatoka, na milango.

Ndio nikaanza kusoma, nikiwa nimechelewa. Frank Hornby wa Liverpool, yule aliyepata hataza ya Meccano mwaka wa 1901, alianza kuuza treni 1920. Wajerumani walikuwa wamemtangulia kitambo. Märklin wa Göppingen walipeleka reli za vipimo maalum kwenye maonyesho ya Leipzig 1891, na biashara ikabadilika: treni unanunua mara moja, lakini stesheni, ishara, madaraja na taa haziishi. Kila birthday mzazi anarudi dukani. Akili hiyo bado tunauziwa, angalia tu kava za simu.

Zamani vitu hivi vilipakwa rangi kwa mkono. Baadaye picha ikawa inachapwa kwenye bati likiwa bado bapa, teknolojia ambayo Robert Barclay aliipatia hataza Uingereza mwaka wa 1875. Kisha bati linakatwa, linakunjwa, na vijino vidogo vinapitishwa kwenye matundu na kupindwa. Kwa hivyo yale matofali na milango ni wino mwembamba sana, juu ya chuma kilichopakwa utando wa bati. Ukisugua unafika kwa chuma haraka, na chuma tupu kikiguswa na maji kinaanza kutu upya. Yangu haikumaliza wiki.

Wanaojua huanza na brashi laini, kavu. Halafu pamba yenye maji kidogo na tone la sabuni laini, wakijaribu kwanza upande wa chini, na kukausha hapo hapo. Vile vijino hawavifungui ovyo, maana ukivipinda mara mbili tatu vinakatika. Na kuna wale hupaka rangi upya hadi ing'ae kama ya jana. Mimi siwaelewi. Hiyo sasa ni stesheni yako, si ile ya zamani.

Jumamosi nilimpelekea Guka. Akaigeuza, akaisogeza karibu na macho, akauliza maandishi yako wapi.

Nikamwambia niliyasugua. Akaiweka kwa magoti, akanyamaza.

Ile video bado iko kwa simu. Sijaiposti.