Asidi Dhaifu na Asidi Nzima

Chemsha lita moja ya maziwa, epua, kisha mimina maji ya ndimu kidogo kidogo huku ukikoroga. Punde maziwa yanakatika: mabonge meupe yanajitenga na maji ya rangi ya kijanikijani. Chuja kwa kitambaa, kandamiza kwa kitu kizito, na jibini yako laini, paniri, iko tayari. Mpishi atasema ametia ndimu. Mwanakemia atasema ametia asidi dhaifu, na hapo ndipo istilahi inapotuponza.

Kwetu, dhaifu ni mgonjwa asiyeweza kusimama au hoja isiyo na mashiko. Msomaji akiambiwa kwamba siki, ndimu na mtindi vina asidi dhaifu, ataona havina ubavu mbele ya bakteria. Neno “tindikali”, jina jingine la asidi, nalo linamvuta upande wa pili: wengi wamelizoea katika habari za watu waliomwagiwa wakaungua. Nani ataitia jikoni?

Katika kemia, udhaifu huu ni tabia ya molekuli. Kila asidi ina hidrojeni inayoweza kuiachia majini. Asidi kali, kama ya maji ya betri, huiachia mara moja. Asidi dhaifu ina mkono wa birika: baadhi ya molekuli zake huachia, nyingine hubaki nzima. Hizo nzima ndizo hatari kwa bakteria. Utando wa bakteria ni wa mafuta, nao huzuia chembe zenye chaji. Molekuli nzima haina chaji, basi hupenya. Ikifika ndani, ambako uchachu ni mdogo, ndipo inapoachia hidrojeni yake. Bakteria hubaki kuitoa nje bila kupumzika, kama mvuvi anayechota maji katika mtumbwi uliotoboka, mpaka nguvu zinamwishia na hawezi tena kuzaana. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kwa hiyo “asidi dhaifu” ibaki, maana imeshazoeleka, lakini ipewe mwenzake: “asidi nzima”, yaani ile sehemu ambayo haijaachia hidrojeni. Neno hili linamfaa mtengeneza jibini kwa sababu kipimo cha uchachu, yaani pH, peke yake hakimwambii yote. Chukua pH 5. Katika asidi ya siki, molekuli kama 36 kwa kila 100 ni nzima. Katika asidi ya laktiki, ile ya mtindi, ni kama 7. Katika asidi ya sitriki, iliyo kwenye ndimu, haifiki hata 1. Uchachu ni uleule, ulinzi haulingani. Ndimu ni hodari wa kukatisha maziwa, si hodari wa kulinda jibini. Mtindi hufidia kwa wingi: bakteria wake hutengeneza asidi mpaka pH ishuke karibu na 4.5.

Adui mkubwa wa jibini laini ni bakteria aitwaye Listeria. Huyu huendelea kukua hata ndani ya friji, na kwa kawaida husimama pH ikishuka hadi karibu 4.4. Paniri ya ndimu mara nyingi huwa juu ya 5. Mwaka 1985, katika kaunti ya Los Angeles, Marekani, jibini laini ya mtindo wa Kimeksiko iliyobeba Listeria ilihusishwa na wagonjwa 142 na vifo 48; wengi wa waliokufa ni watoto waliokuwa tumboni na wachanga.

Basi asidi ni mlinzi wa pili. Wa kwanza ni moto: nyuzi 72 za Selsiasi kwa sekunde 15, au 63 kwa dakika 30. Baada ya moto, hatari hurudi kwa mkono na kwa kile kitambaa cha kuchujia. Kikiwa kichafu, ndimu iliyokwisha kukatisha maziwa haitakusaidia. Ukiamua kuongeza asidi ili kulinda, usiulize tu ni kali kiasi gani. Uliza ni molekuli ngapi zilizobaki nzima.