Kibaba cha Mwanamke katika Nchi ya Wazaramo

Kabla ya neno kalori kuingia katika lugha yetu, watu wa pwani walikuwa na kipimo chao cha chakula cha mtu mmoja kwa siku moja, nacho ni kibaba. Vibaba vinne hufanya pishi. Katika karne ya 19, misafara iliyokwenda bara ilipita katika nchi ya Wazaramo, ambayo leo imo ndani ya wilaya za Kisarawe na Kibaha na jirani zake, na posho ya kawaida ya mpagazi ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku. Vipimo vilitofautiana mahali na mahali, lakini kwa kukadiria kibaba kilikuwa ratili moja na nusu, yaani gramu 680 hivi. Gramu 100 za nafaka kavu hutoa kalori zipatazo 350 (nasema kalori kwa maana ya vitabu vya lishe, ile iliyo kubwa). Basi katika kibaba kimoja mpagazi alipewa kalori kama 2,400. Msomaji na aikumbuke hesabu hii, maana tutakutana nayo tena huko Geneva.

Kibaba hicho, hata hivyo, kilikuwa cha mpagazi. Mwanamke aliyebaki kijijini, aliyelima mpunga na muhogo, akatwanga, akachota maji na kubeba kuni, hakuwa na mtu wa kumpimia. Alijipimia mwenyewe, baada ya kuwapakulia wengine. Makala haya yahusu jinsi elimu ya lishe ilivyokuja baadaye kumpimia, na jinsi ilivyochukua muda mrefu kabla ya kumtazama yeye mwenyewe. Swali ni jepesi kwa kulitamka: mwanamke ahitaji kalori ngapi kwa siku? Limejibiwa mara nyingi katika miaka 130 iliyopita, na aghalabu jibu limepatikana kwa kuchukua hesabu ya mwanamume na kuipunguza.

Mmoja wa waliopunguza kwa kanuni alikuwa mwanakemia wa Marekani, Wilbur Atwater, ambaye katika miaka ya 1890 alijenga huko Middletown, Connecticut, chumba cha kumfungia mtu na kupima joto la mwili wake usiku na mchana. Kazi yake ilikuwa kubwa, na mpaka leo twatumia hesabu zake tunaposema kwamba gramu moja ya wanga hutoa kalori 4 na ya mafuta 9. Lakini katika kugawanya chakula cha familia, Atwater aliandika kwamba mwanamke ahitaji sehemu nane katika kumi za chakula cha mwanamume. Fungu hilo likanakiliwa kitabu baada ya kitabu. Lilikuwa kadirio la kufaa kwa mke wa fundi katika mji wa Marekani, ambaye mumewe ndiye aliyetoka kwenda kufanya kazi ya nguvu. Kwa nyumba ya Uzaramo, ambako jembe, mchi na mtungi vilikuwa mikononi mwa mke, halikuwa na ushahidi wowote.

Mnamo 1936 wataalamu wa Shirika la Mataifa mjini Geneva walitoa hesabu nyingine: kalori 2,400 kwa mtu mzima asiyefanya kazi ya mikono, awe mume au mke, katika nchi za baridi ya wastani. Ndicho kibaba chetu cha misafara, ila wao walikitoa kwa mtu asiyebeba mzigo. Kwa kazi waliongeza kalori kwa kila saa, kidogo kwa kazi nyepesi na hadi 300 au zaidi kwa kazi nzito sana, na kwa mama anyonyeshaye wakaandika 3,000. Mimi naiona hesabu hiyo kuwa ya haki kuliko nyingi zilizoifuata, kwa kuwa haikuuliza kwanza kama mtu ni mume au mke; iliuliza anafanya kazi gani na kwa saa ngapi.

Vita vikapita, na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa likarudi kwenye njia ya Atwater. Katika taarifa yake ya 1950, na tena ya 1957, lilimbuni mwanamume wa mfano na mwanamke wa mfano, kila mmoja mwenye umri wa miaka 25. Mwanamume alikuwa na kilo 65 na alihitaji kalori 3,200. Mwanamke alikuwa na kilo 55 na alihitaji 2,300. Mwanamke huyo wa mfano alifanya kazi za nyumbani au kazi nyepesi za kiwandani, na aliishi mahali penye joto la wastani la nyuzi 10. Kwa nchi za joto iliamriwa kupunguza asilimia 5 kwa kila nyuzi 10 zilizozidi. Kwa pwani yetu, yenye wastani wa nyuzi 26 hivi, ilimaanisha kumwondolea mtu karibu asilimia 8 ya chakula chake kwa sababu ya jua. Punguzo hilo liliachwa katika taarifa ya 1973, baada ya kuonekana kwamba halina msingi wa kutosha. Aliyewahi kupalilia mpunga katika jua la Februari angaliweza kuwaambia mapema zaidi.

Neno la kutazamwa hapa ni hilo la «kazi za nyumbani». Katika lugha ya taarifa zile ni jina la kazi nyepesi. Katika Kiswahili cha Maneromango au Mlandizi kazi za nyumbani ni pamoja na kupasua kuni, kutwanga, kusomba maji, na kurudi kutoka shambani na mzigo wa mihogo kichwani na mtoto mgongoni. Neno moja limebeba maisha mawili, na hesabu iliyotungwa kwa maisha ya kwanza ikahamishiwa kwa ya pili bila mtu kugundua kuwa kuna kilichopotea njiani. Tuliosomea lugha twapenda kudhani kwamba makosa ya tafsiri hukaa katika mashairi tu.

Hata hivyo, yasidhaniwe kwamba hakuna aliyejali. Daktari Michael Latham, aliyezaliwa Kilosa mwaka 1928 na kuhudumu katika Wizara ya Afya ya nchi hii katika miaka ya mwisho ya ukoloni na ya mwanzo ya uhuru, aliandika kitabu cha lishe ya Afrika ya joto kilichotolewa mwaka 1965, na wauguzi na walimu wengi walikisoma. Wakati huohuo mradi wa nchi za Nordiki, uliokubaliwa mwaka 1963, ulikuwa ukijenga Kibaha shule ya sekondari, kituo cha afya na kituo cha mafunzo ya wakulima, ambavyo vilikabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1970. Mwaka 1973 ikaundwa kwa sheria Taasisi ya Chakula na Lishe, na mwaka 1975 kampeni ya Chakula ni Uhai ikawafikia wanavijiji kwa redio na vikundi vya kusoma. Huko kote mwanamke alifundishwa jinsi ya kuwalisha watoto wake. Ni nadra kukuta palipoulizwa yeye mwenyewe ameshiba au la.

Kutokana na kazi ya Latham, na baadaye ya wachumi Collier, Radwan na Wangwe, kilipatikana kipimo ambacho Ofisi ya Taifa ya Takwimu imekitumia kuhesabu umaskini. Katika utafiti wa matumizi ya kaya wa 2007, na ule wa 2011/12, mstari wa umaskini wa chakula uliwekwa kwenye kalori 2,200 kwa mtu mzima kwa siku. Lakini si kila mtu alihesabiwa kuwa mtu mzima kamili. Mwanamume wa miaka 19 hadi 59 alihesabiwa 1.00, mwanamke wa umri huohuo 0.88, bibi aliyetimiza miaka 60, 0.72. Ukizidisha, fungu la mwanamke ni kalori 1,936. Kwa haki ni lazima niseme kwamba kipimo hicho kiliwekwa ili kulinganisha kaya kubwa na ndogo, wala hakikukusudiwa kumwandikia mtu chakula chake. Lakini hesabu haina macho ya kuona makusudi. Kaya ya Kisarawe yenye mama na binti zake wakulima huonekana kuhitaji kidogo kuliko kaya ya wanaume wa idadi ileile, na kwa hiyo huweza kuonekana imevuka mstari ilhali haijavuka.

Je, kazi ya mwanamke huyo imewahi kupimwa? Kwa Kisarawe na Kibaha zenyewe twategemea majirani. Gilbert White, David Bradley na Anne White walichunguza uchotaji maji katika Kenya, Uganda na Tanzania katika miaka ya 1960, na katika kitabu chao cha 1972 walikadiria hata kalori zinazotumika kwenda kisimani na kurudi. Hiyo ilikuwa hatua kubwa: safari ya maji ikaandikwa katika daftari kama gharama ya chakula. (Mtambo wa Ruvu Juu ulijengwa Mlandizi mwaka 1959 ili kuupa maji mji wa Dar es Salaam, bomba lake likapita katika nchi ambayo wanawake wake waliendelea kubeba ndoo kwa miaka mingi.) Halafu kuna Gambia. Huko watafiti walipima chakula cha wanawake wajawazito na wanaonyonyesha, wakapata kalori zilizozunguka 1,500 kwa siku, na wakastaajabu jinsi mtu anavyoweza kulima kwa chakula hicho. Mwaka 1989 ikachapishwa kazi iliyotumia njia mpya: mwanamke hunywa maji yenye atomu nzito za haidrojeni na oksijeni, kisha mkojo wake huchunguzwa kwa siku kadhaa kujua mwili umetumia nguvu kiasi gani. Ikaonekana kwamba katika msimu wa kilimo walitumia kalori zipatazo 2,500, karibu mara mbili ya nguvu za mwili uliolala. Ni wazi kwamba chakula kingi hakikuwa kimeonekana na wapimaji. Mwanamke hula muhogo mbichi shambani, huonja chunguni, hula embe njiani. Wala haviiti hivyo chakula.

Lakini asije msomaji akadhani kwamba kila kipimo kipya humwongezea mwanamke. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti uliotumia njia hiyohiyo ya maji kwa Wahadzabe wa hapa Tanzania. Wanawake, wenye uzito wa wastani wa kilo 43 na ambao huchimba mizizi na kutembea kila siku, walitumia kalori 1,877. Wanaume, wenye kilo 51, walitumia 2,649. Hiyo si hata nane katika kumi ya Atwater! Na uzito wa miili ulipozingatiwa, Wahadzabe hawakutumia zaidi ya watu wa Marekani wanaokwenda kwa magari. Inaonekana mwili hujifunza kubana matumizi. Ushahidi huu haulingani na nilichotaka kuamini nilipoanza kusoma habari hizi, na ndiyo sababu nauweka hapa. Kati ya mwanamke wa Gambia na wa Kihadzabe pana kalori 600 na zaidi, na wote wawili ni Waafrika, ni wembamba, na ni wachapa kazi. Kumjua mmoja kwa kumtazama mwenziwe haiwezekani, sembuse kwa kumtazama mume wake.

Taarifa za mataifa zimekuwa zikisogea upande huo polepole. Ile ya 1985 iliacha watu wa mfano na kuzidisha nguvu za mwili uliopumzika kwa kadiri ya kazi. Lakini kazi nzito ya mwanamume ilizidishwa kwa 2.10 na kazi nzito ya mwanamke kwa 1.82, kana kwamba jembe hupungua uzito likishikwa naye. Ni katika taarifa iliyotokana na mkutano wa 2001 tu ndipo vizidishio vilipofanywa sawa kwa wote.

Tukitumia kanuni hizo kwa mwanamke wa Kisarawe wa miaka 35 mwenye kilo 50, mwili wake uliopumzika hutumia kalori 1,250 hivi. Akiwa karani wa Kibaha mjini, anayekwenda kazini kwa bajaji na kupikia gesi, hahitaji kuzidi 1,800 sana. Na kwa mwanamke wa namna hiyo hatari imegeuka, kwani uchunguzi wa taifa wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi, na asilimia 10 tu ni wembamba kupita kiasi. Akiwa mkulima asiye na mashine ya kusaga wala bomba karibu, huhitaji 2,500. Kuzipata kwa muhogo mbichi peke yake kwataka kilo moja na nusu, na humo protini haifiki gramu 25. Kisamvu na dagaa si anasa hapo.

Wazee wa Uzaramo walizijua tofauti hizi bila mizani. Marja-Liisa Swantz, msomi wa Kifini aliyeishi kati ya Wazaramo katika miaka ya 1960, ameeleza kwa kirefu utaratibu wa mwali, aliyewekwa ndani, asilime wala asichote maji. Mambo mengi ya mila hiyo yanastahili kulaumiwa, hasa kumkosesha binti shule. Lakini kuhusu nguvu za mwili hesabu yake ilikuwa sahihi: kazi ikiondolewa, chakula kilekile hugeuka kuwa mwili. Ndivyo ilivyo pia arobaini ya mzazi katika pwani yote, na uji wake wa pilipili manga. Kwa siku 40 wanawake wenzake humbebea ndoo na mchi, na kwa siku hizo kalori 505 za maziwa, kama zilivyohesabiwa na taarifa ile ya 2001, huchukuliwa katika chakula chake bila kushindana na jembe. Siku ya 41 jembe hurudi na maziwa bado yanatoka. Jumla yake ni kalori 3,000, ileile iliyoandikwa Geneva mwaka 1936. Na kama alijifungua mwezi wa Januari, siku hiyo huangukia mwanzo wa masika, wakati wa kupanda, ambapo ghala la mwaka uliopita linakaribia kwisha.